Chumba cha ubaridi cha sola: maana yake, na kwa nini si friji kubwa tu

Nyanya iliyochumwa haijafa. Imetengwa na mti wake, lakini bado inapumua: inavuta oksijeni, inachoma sukari yake yenyewe, inatoa maji na joto. Penyeza mkono katikati ya tenga lililosafiri usiku kucha juu ya lori. Nje ni alfajiri na baridi, ndani mkono unakutana na fukuto. Nyanya zinajipika zenyewe, na zile za chini zimeshaanza kuchuruzika.

Chumba cha ubaridi cha sola ni chumba kinachopunguza kasi ya pumzi hiyo kwa kutumia umeme wa jua, mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika au umeme wake hauaminiki. Kuta, dari na sakafu hujazwa povu gumu linalozuia joto lisipenye. Paneli hukaa juu ya paa, na mashine ya kupozea hufanya kazi kama ile ya friji: hainyunyizi baridi, bali huchukua joto la ndani na kulitupa nje.

Watu hukiita friji kubwa. Wanakaribia, ila jina hilo linapotosha kidogo. Friji ya nyumbani hupokea vitu vichache kwa siku, lakini chumba hiki huletewa kreti kwa kreti za mazao yenye joto la shambani, na kuliondoa joto hilo ndiyo kazi nzito kuliko zote. Baada ya hapo kulinda ubaridi ni rahisi. Kwa hiyo mkulima anayechuma asubuhi na mapema na kuweka mazao kivulini amekwisha kuifanya nusu ya kazi ya mashine. Anayechuma saa saba mchana na kuacha kreti juani amejiumiza, kwa sababu kila joto linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi, mazao mengi hupumua mara mbili hadi tatu zaidi. Uhai uliochomwa saa hizo haurudi, hata uyaweke kwenye chumba kizuri namna gani.

Na usiku je, jua likizama? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni betri. Ya pili ni barafu: mchana umeme wa ziada unagandisha maji, usiku barafu inaendelea kufyonza joto inapoyeyuka. Mimi naipenda zaidi barafu. Betri huchoka na kubadilisha ni gharama. Maji hugandishwa leo na kesho bila kuchakaa.

Baridi kali mno nayo huharibu. Kila aliyeweka ndizi kwenye friji ameona ganda likiwa jeusi. Kabichi na karoti hupenda karibu na nyuzi 0, ilhali ndizi, maembe na nyanya huhitaji kama nyuzi 10 hadi 13. Pia kuna hewa ya ethilini, ile ile inayofanya kazi tunapovundika ndizi. Ukifungia maembe yanayoiva pamoja na kabichi, majani yatageuka manjano na kupukutika. Chumba kimoja cha kila kitu ni makosa yanayofanyika mara nyingi, na lawama hutupiwa mashine.

Mkulima mdogo hahitaji kukinunua. Kampuni ya ColdHubs, iliyoanzishwa Nigeria na Nnaemeka Ikegwuonu, iliweka vyumba vya namna hii sokoni na mashambani, kila kimoja kikibeba takriban tani 3. Mkulima huhamishia mazao kwenye kreti safi za plastiki za kilo 20 na kulipa kwa kreti kwa siku. Miaka ya mwanzo bei ilikuwa naira 100. Kampuni yenyewe inasema mazao yaliyokuwa yakidumu siku 2 hufika hadi siku 21. Kreti ina maana kubwa hapo. Nyanya iliyopondwa ndani ya tenga la miti huoza hata kwenye baridi, na kuoza kwake huambukiza jirani.

Kinachouzwa hapa, kwa kweli, ni siku. Dalali anajua kwamba nyanya za leo jioni kesho ni za kutupa, kwa hiyo anasubiri, na bei inashuka yeye amekaa tu. Mkulima mwenye kreti zake ndani ya baridi anaweza kumwambia, "Ndugu yangu, kwa bei hiyo siuzi, nitasubiri soko la Jumamosi." Sentensi hiyo moja ndiyo inayonifanya niamini vyumba hivi.

Lakini siku hizo zina gharama, na gharama hiyo ikizidi faida ya kungoja, mtu amepata hasara ya ubaridi. Kikundi kinachofikiria chumba kijiulize kwanza kitapokea nini miezi yote. Kule Makueni, Kenya, maembe hujaa kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi karibu Machi. Chumba kilichojengwa kwa maembe pekee kitakaa kitupu muda mrefu huku deni lake likiendelea. Kikiwa kando ya soko lenye mboga kila wiki, au kikifungwa magurudumu kikafuata mavuno, hesabu inabadilika kabisa.