TB sugu: ni nini hubadilika ndani ya bakteria?

Kwa TB sugu, yaani ile dawa za kawaida haziiui, ni mwili wa mgonjwa ndio huzoea dawa?
Hapana, mwili wako hauzoei kitu. Anayebadilika ni bakteria.

Anabadilika aje?
Bakteria wa TB ana jeni kama 4,000, yaani maagizo ya kujijenga yaliyoandikwa kama kwa herufi, na kila akijigawa lazima azinakili zote, sasa mara moja moja anakosea herufi. Kosa likiangukia jeni inaitwa rpoB, ile mahali kwa bakteria rifampisini, moja ya dawa za TB, hujishika inabadilika umbo, dawa inafika lakini haina pa kushika. Isoniazidi nayo, dawa ingine ya TB, na hii ndio hunishangaza sana, huingia ikiwa haina nguvu bado, ni enzaimu (protini ya kufanya kazi) ya bakteria mwenyewe kutoka kwa jeni ya katG ndio huiamsha, so katG ikiharibika dawa inabaki imelala tu.

Kwani dawa ndio zinaleta hayo makosa?
La, huja yenyewe hata kama hujawahi kumeza kidonge. Kwa rifampisini ni kama bakteria 1 kwa kila milioni 100, na kidonda kimoja kikubwa kwa mapafu kinaweza kuwa na wengi hivo. Ndio maana unaanzishiwa dawa 4 pamoja kwa miezi 2, alafu 2 kwa miezi 4, juu anayeponyoka moja anauliwa na ingine. Ukimeza leo ukiruka kesho, wale dhaifu wanakufa na wale sugu wanabaki na nafasi yote ya kuzaana.

Jirani yangu hapa Kayole ana TB sugu na anaapa hajawahi kuwa na TB. Anadanganya?
Mwamini tafadhali. Bakteria akishabadilika, kizazi chake chote kinarithi hilo kosa, na mtu akikohoa kwa matatu madirisha yamefungwa, anayevuta hio hewa anaweza kupata TB ikiwa sugu tayari. Watu wengi sana huipata hivo, alafu mtaani wanaitwa walevi ati walitupa dawa, inaniuma kweli.

Kliniki watajua aje?
Makohozi yanawekwa kwa mashine ya GeneXpert, inasoma kile kipande cha rpoB na chini ya masaa 2 imemaliza. Lakini kipimo chake cha kawaida hakisomi katG, kwa hivo kama umemeza dawa vizuri miezi 2 na bado makohozi yana bakteria, uliza daktari kama yamepimwa na isoniazidi pia.