Kabla Tingatinga Halijaingia: Kubomoa Nyumba ya Familia na Kujenga Upya

Familia nyingi hutufikia sisi wahandisi zikiwa zimeshapanga siku ya tingatinga. Ramani haijakamilika, kibali hakijaombwa, lakini siku ipo, na mtoto anayeishi mbali ameshaomba likizo ili awepo. Wanachotaka kujua ni gharama ya kubomoa. Sisi huwarudisha nyuma kidogo: nyumba mpya imeshachorwa? Fedha za kuifikisha kwenye paa zipo? Kama hazipo, nyumba ya zamani iachwe isimame. Kubomoa ni kazi ya siku chache, lakini boma lisiloezekwa hunyeshewa, nondo zilizochomoza juu ya nguzo hushika kutu, na familia inalipa kodi mahali pengine mwezi baada ya mwezi.

Kuna na swali la kabla ya hapo, ambalo wengi hulikwepa kwa sababu wameshaichoka nyumba: je, kweli imefika mwisho? Ufa peke yake hauamui. Ule mwembamba kama unywele, usiofika milimita 1, mara nyingi ni wa lipu iliyokauka haraka. Unafukuliwa, unazibwa, unapakwa rangi. Ufa unaopanda kama ngazi kufuata viungio vya matofali kutoka kona ya dirisha, uliopita milimita 5, au ambao upande mmoja umetokeza kuliko wa pili, huo ni wa kuitiwa mhandisi. Hata hivyo, kinachotuhusu zaidi ni kama ufa bado unatembea. Piga alama mbili za penseli, moja kila upande, pima umbali kati yake kwa rula, na uandike kipimo na tarehe palepale ukutani. Rudia kila mwezi, kiangazi na masika. Ukiona ufa unapanuka wakati wa ukame na kujifunga mvua zikinyesha, yaelekea nyumba imekaa juu ya mfinyanzi unaovimba na kusinyaa. Kubomoa hakutauondoa udongo huo. Usipoushughulikia kwenye msingi mpya, nyumba mpya nayo itapasuka vilevile.

Kwenye zege, angalia nondo. Zege changa lina alkali kali, pH (kipimo cha asidi na alkali) kati ya 12 na 13, na ndiyo inayoikinga nondo isishike kutu. Miaka inavyopita, kabonidioksidi ya hewani hupenya na kuipunguza alkali hiyo. Ikishuka chini ya 9 hivi, kinga imekwisha. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo hulipasua zege kutoka ndani na kulibandua. Chukua nyundo ndogo, gonga boriti na nguzo. Panapolia kama debe tupu pameshaachana ndani. Ikiwa ni boriti moja juu ya bafu lililovuja kwa miaka, hiyo inatengenezeka. Ikiwa ni karibu kila nguzo, basi mwite mkadiriaji majenzi aweke bei mbili kando kwa kando, ya kukarabati na ya kujenga upya, ndipo familia iamue.

Tuseme uamuzi ni kubomoa. Nyumba ikiwa bado imesimama, itumieni kama shahidi. Mzee aliyeishi humo miaka 30 anajua mvua ya upepo huingilia dirisha lipi, chumba kipi hakikaliki mchana kwa joto, na maji ya uani hutuama wapi. Msanifu atakayefika siku moja na futi kamba yake hawezi kuyaona hayo. Mketisheni mzee na msanifu pamoja kabla mstari wa kwanza haujachorwa.

Chimbeni pia shimo la uchunguzi kando ya ukuta, mita 1.5 hadi 2 kwenda chini, mhandisi akiwepo. Litaonyesha msingi wa zamani umeshuka kiasi gani na umekalia udongo gani. Nalisisitiza hili kwa sababu kuna wazo linalorudi kila mara: tubakize msingi, tupandishe ghorofa juu yake, tuokoe fedha. Mita 1 ya ujazo ya zege huwa na uzito wa kilo 2,400 hivi. Slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, yenye unene wa sentimita 15 ni kilo 360 kwa kila mita ya mraba, na kwa nyumba ya mita za mraba 100 hizo ni tani 36, kabla hujaweka ukuta, vigae, kitanda wala mtu. Msingi uliochimbwa kubeba kuta na bati hauwezi kubebeshwa mzigo huo kwa kukisia.

Sasa karatasi. Mimi ni mhandisi, si wakili, lakini miradi niliyoiona ikikwama njiani ilikwama zaidi kwa karatasi kuliko kwa saruji. Nyumba ya familia mara nyingi ina hati yenye jina la marehemu na warithi walio hai ambao hawajaulizwa. Mirathi ifungwe kwanza. Kisha yaandikwe: nani anachangia kiasi gani, na mchango wake unampa nini, umiliki, chumba, au shukrani tu. Nyumba ikishavunjwa kilichobaki ni kiwanja, na anayejenga juu yake kwa fedha zake huanza kukiona kuwa chake.

Mpima ardhi naye atangulie mchoraji. Huenda nyumba ya zamani imekaa karibu na barabara au mpaka kuliko kanuni za leo zinavyoruhusu, na imevumiliwa kwa sababu ilikuwepo. Ikishaanguka, mpya italazimika kufuata kanuni za sasa, na huenda ukapoteza mita kadhaa za upana ambazo ulishazigawa vyumba. Kibali cha kubomoa na cha kujenga mara nyingi huwa ni vibali viwili tofauti. Ulizeni mamlaka ya eneo lenu mapema.

Bajeti husahau kifusi. Chukua nyumba ambayo kuta zake zote zikiunganishwa zina urefu wa mita 80, kimo cha mita 3 na unene wa sentimita 15. Hizo ni mita za ujazo 36. Ongeza jamvi la sakafu la mita za mraba 120 lenye unene wa sentimita 10, unafika 48. Vikivunjwa, vipande havikai vikibanana tena. Kadiria nusu ya ziada, yaani mita za ujazo 72. Kwa lori linalobeba mita za ujazo 5, ni safari 15, bila kuhesabu msingi. Matofali yaliyovunjika yanaweza kujazia chini ya njia au maegesho, lakini yasichanganywe na mbao wala plastiki. Milango, madirisha, kenchi na bati vishushwe kwa mkono kabla mashine haijafika, kwa kuwa tingatinga halichagui. Kwa yote yasiyotarajiwa, tengeni asilimia 10 hadi 15 ya gharama nzima, na msiiguse fedha hiyo kwa ajili ya vigae vizuri zaidi.

Paa likiwa la karatasi ngumu za kijivu, za saruji na zenye mawimbi, simamisheni kila kitu. Huenda zina asbesto, madini ya nyuzinyuzi. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, na ugonjwa hujitokeza baada ya miongo kadhaa, kwa hiyo fundi aliyevuta vumbi lake leo hatajua leo. Kwa macho huwezi kuwa na uhakika. Kipande kipimwe maabara. Ikithibitika, karatasi hulowanishwa, hufunguliwa zikiwa nzima na watu waliofunzwa wenye barakoa zinazofaa, hufungwa kwenye plastiki nene na kupelekwa dampo lililoruhusiwa. Hazipigwi msumeno wala hazitupwi chini, na jirani asigaiwe akaezekee banda la kuku.

Ubomoaji wenyewe huenda kinyume cha ujenzi: paa, dari, kisha kuta kutoka juu kushuka. Anayekata ukuta kwa chini ili uanguke wenyewe anauachia ukuta uamue utamwangukia nani. Umeme, maji na gesi vikatwe na wahusika na mpewe uthibitisho wa maandishi. Kuzima swichi kuu hakutoshi, maana waya unaoingia bado una moto. Piga picha za nyumba za majirani pia, nyufa zao na kuta za mpakani, jirani mwenyewe akiwepo na tarehe ikionekana. Mtetemo wa mashine husingiziwa nyufa za miaka kumi iliyopita, na wakati mwingine huzileta kweli.

Limebaki shimo la maji taka. Lipimwe na lichorwe kwenye ramani, linyonywe, kisha lijazwe tabaka kwa tabaka huku likishindiliwa. Katika kiwanja kimoja nilichoitwa, lori la kokoto lilizama gurudumu la nyuma asubuhi ya siku ya pili, na hakuna fundi aliyekuwa na habari ya shimo lolote. Mama mwenye nyumba alipopigiwa simu alilielekeza bila hata kufika: hatua nane kutoka mlango wa jikoni. Mlango wa jikoni ulikuwa umeshapakiwa kwenye lori lililotangulia.