Mikono ya watoto na historia ya Lamu: tunayodhani na yaliyo kweli

Mara ya kwanza nilipowapeleka watoto wa darasa langu kwenye ile nyumba ya Waswahili ya karne ya 18 iliyofanywa makumbusho hapa mjini Lamu, niliwapa kazi moja tu: wapime upana wa kila chumba kwa kamba. Wakapima msana wa tini na msana wa yuu, zile kumbi ndefu mbili zinazofuatana, kisha ndani, chumba cha nyuma yake. Kamba ikatoka karibu sawa kila mara. Ukazuka ubishi: mwenye nyumba tajiri, aliyejaza ukuta mzima zidaka (vishubaka vya ukutani) za plasta ya kuchonga, kwa nini alijibana katika vyumba vyembamba hivi? Msichana mmoja akalala chali sakafuni, akatazama darini, akasema, "Mwalimu, ni boriti." Alikuwa amepata. Boriti ya mkoko ikizidi mita tatu hivi haihimili uzito wa dari ya mawe na chokaa. Mkoko ndio uliopanga upana wa nyumba za Lamu.

Tangu siku hiyo nimeyajadili mafunzo ya namna hii na wazazi na walimu wenzangu, na yako maneno yanayorudi kila mara.

"Mtoto wa Amu, Lamu yetu hii, ataoneshwa nini? Haya si ndiyo anayoishi ndani yake?"

Kuishi ndani ya kitu si kukijua. Isitoshe, watoto wengi wa leo hawaishi katika nyumba za mawe. Nyingi zimekwisha kununuliwa na wageni. Wanaijua saruji. Chokaa hawajapata kuiona ikichomwa: matumbawe yamepangwa juu ya lundo la magogo, moto ukawaka mpaka jiwe likawa jeupe na jepesi. Nilileta kipande kimoja ambacho bado hakijazimwa, nikakitia maji mwenyewe, watoto wakiwa mbali kwa kuwa chokaa hiyo huunguza. Kikachemka bila moto. Hakuna aliyeniuliza tena kuta za mji huu zimeshikwa na nini.

"Ngome ile ya Lamu ilijengwa na Wareno."

Hii nimeisikia hata kwa watu wazima wanaokaa pale uwanjani kila jioni. Wareno walijenga Fort Jesus ya Mombasa, kuanzia 1593. Wakafukuzwa 1698, wakairudia kwa muda mfupi kati ya 1728 na 1729, basi. Ngome ya Lamu ilianza kujengwa baada ya Vita vya Shela, ambamo Lamu iliwashinda Pate na Mombasa, yapata 1813, ikamalizika 1821, kwa msaada wa Sayyid Said, mtawala wa Oman. Darasani tunafunga fundo moja kwenye kamba kwa kila miaka 10. Mtoto akianza 1729 anafunga mafundo nane kabla jiwe la kwanza la ngome yetu halijawekwa. Huyo hatawataja Wareno tena. Baadaye ngome ilikuwa gereza hadi 1984, na hilo si la kutafuta vitabuni: aende akawaulize wazee wa nyumbani kwao.

"Miji yetu ililetwa na majahazi, imekuja tayari kutoka ng'ambo."

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, maana mtoto anayeamini hivi hujiona mgeni kwao.

Shanga, katika kisiwa cha Pate, ilichimbwa na mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake katika miaka ya 1980. Mji ulianza karne ya 8, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Chini ya msikiti wa Ijumaa walikuta misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, na ya chini kabisa ilikuwa midogo, ya miti. Kilichobaki ni alama za mashimo ya nguzo. Vigae vingi mno vilikuwa vya vyungu vilivyofinyangwa huku huku pwani. Hata sarafu ndogo za fedha zenye majina ya Kiislamu zilipatikana, zilizotengenezwa papo hapo.

Tunalijenga hili katika sanduku la mchanga. Chini kabisa tunatia mchanga wenye mashimo ya vijiti, juu yake udongo, kisha vipande vya matumbawe, kisha chokaa. Watoto huchimba kwa kijiko na brashi, na hawaruhusiwi kushuka tabaka jingine kabla ya kuchora walilolikuta. Wanaona kwa macho yao: kibanda kikawa nyumba ya mawe, polepole, pale pale. (Kwenye magofu yenyewe hatuchimbi hata kidogo, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inakataza kuchimba bila leseni, na ni haki.)

Sisemi wageni hawakuja. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 2023, wa mabaki ya watu 80 wa zamani, wengi wao wa miji ya pwani, ulionesha kuwa wengi walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao Afrika, hasa upande wa kina mama, na sehemu kubwa kutoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi. Wageni walikuja, wakaoa, wakakaa. Lakini walikuta wenyeji, na walikuta mji umeanza.

"Watavunja vitu."

Vya kuvunjika hawapewi. Siwa ya Pate, baragumu kubwa la pembe ya ndovu, haiguswi na mtu, wala haipasi. Lakini pembe ya ng'ombe iliyotobolewa mtoto anaweza kuipuliza mpaka mashavu yamuume, na akiiona siwa ndani ya kioo anajua pumzi kiasi gani ilihitajika siku ya harusi. Mbao mbili zenye matundu na kamba ya makumbi zatosha kumfundisha mtepe, chombo kilichoshonwa bila msumari hata mmoja.

"Ni mchezo, na mtihani hauulizi."

Mtaala wa sasa wa umilisi unataka hasa mtoto atende. Sioni haja ya kubishana zaidi.

"Sisi wa visiwani tuko mbali, nauli ya boti hatuiwezi."

Nauli ni kweli, na siwezi kumlaumu mwalimu wa Faza. Ila makumbusho si jengo la ufukweni mwa mji wa Lamu peke yake. Watoto wa Siyu, kisiwani Pate, wanafika Shanga kwa miguu, na kijijini kwao kuna mafundi wa ngozi. Fundi mmoja pale alimpa kila mtoto nafasi ya kutoboa tundu moja katika ukanda wa kubadhi, ndara za ngozi. Wakamuuliza nani alimfundisha. Akawatajia: baba yake, babu yake, baba wa babu yake. Kesho yake mwalimu wao akayaandika majina hayo matatu ubaoni, na chini yake akaandika: Historia.