Je, wajua kwa nini maziwa yenye dawa hayagandi, hata ukiyachemsha?

Mtindi wa shangazi yangu wa Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini, hauna historia ya kugoma. Jioni anachemsha maziwa, anayaacha yapoe mpaka kidole kivumilie, anatia vijiko viwili vya mtindi wa jana, wenye bakteria wa kugandisha, anafunika sufuria kwa kanga kuukuu. Asubuhi unaukata kwa upawa. Siku moja tukafunua, tukakuta maziwa yako vilevile: mepesi, matamu, kama yaliyolala tu yakaamka. Shangazi akatoa hukumu papo hapo: "Yametiwa maji haya, mwanangu." Kijana aliyeyaleta kwa baiskeli akaapa kwamba hakutia hata tone. Laktomita ya kituo cha kukusanyia maziwa, kipimo cha kuelea kinachofichua maji yaliyoongezwa, ikamtetea: ilielea palepale inapotakiwa. Ndipo mwenye ng'ombe akataja, kama jambo la kupita, kwamba ng'ombe alivimba kiwele na juzi yake alichomwa sindano ya dawa ya kuua bakteria, ambayo ingeweza kuwazuia hata wale wa mtindi.

Mimi, msomi wa ukoo, nikaingilia: haiwezi kuwa sindano. Maziwa yalichemshwa. Hata kama dawa ilikuwamo, ilishakufa.

Kosa langu lote lilikaa kwenye neno "ilishakufa", na nililibeba kwa miaka kabla sijajua. Dawa haina uhai wa kupoteza. Kinachokufa sufuriani ni bakteria, na hufa kwa sababu mwili wake umejengwa kwa protini ambazo moto hukunjua na kuzivuruga, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe na usirudi tena kuwa ute. Yai lililochemshwa halianguliwi. Lakini tia chumvi kwenye maji yanayochemka, subiri robo saa, kisha onja. Chumvi ipo, tena imezidi kidogo kwa kuwa maji yamepungua. Moto ulioua karibu kila chenye uhai mle ndani haukuwa na ugomvi na chumvi.

Mfano wa chumvi unanisaidia, ila niuwekee mipaka, maana dawa za mifugo hazifanani. Penisilini si ngumu kama chumvi. Katikati yake ina pete ya atomi nne zilizobanwa pembe nne, na pete iliyobanwa hivyo huvunjika kirahisi kuliko pete za kawaida. Moto mkali wa muda mrefu huivunja polepole. Ila joto la kiwandani, nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15, huigusa kidogo sana, na kuchemsha kwa dakika chache jikoni hupunguza sehemu tu. Dawa za jamii ya tetrasaiklini, ambamo imo ile OTC (oksitetrasaiklini) inayouzwa kila duka la dawa za mifugo, hupungua zaidi kwa kuchemshwa. Dawa za salfa karibu hazijali kabisa. Halafu kuna jambo linalozidisha utata: kipande cha penisilini iliyovunjika si kitu kisicho na madhara kwa kila mtu, kwani mwili wenye mzio unaweza kukitambua hata baada ya dawa kupoteza nguvu yake ya kuua bakteria. Watu waliopata mzio kwa kunywa maziwa yenye penisilini wapo kwenye kumbukumbu za kitabibu, ingawa ni wachache, na sitaki mtu aache chai ya maziwa kwa sababu yangu.

Sasa, dawa iliyochomwa shingoni hufikaje kwenye kiwele? Kwa damu. Ili ng'ombe atoe lita 1 ya maziwa, lita 400 hadi 500 za damu hupita kwenye kiwele chake. Dawa iliyomo kwenye damu hiyo huchungulia na kuvuka. Hata ile inayosukumwa kwa bomba dogo ndani ya chuchu moja hunyonywa kiasi na kutokea kwenye chuchu nyingine, ndiyo maana kumwaga maziwa ya chuchu moja na kuuza ya tatu zilizobaki ni kujidanganya. Watu wa Tanga wana msemo kuhusu mji wao, waja leo waondoka leo, wakimtania mgeni anayekuja kwa siku moja na mji ukamnasa. Dawa ndani ya ng'ombe ni mgeni wa aina hiyohiyo. Chupa huandikwa saa au siku za kusubiri kabla ya maziwa kuuzwa: nyingine saa 72, nyingine, hasa zile zilizotengenezwa zikae muda mrefu mwilini, siku 7. Mfugaji wa ng'ombe wawili wa Muheza au Ngamiani, ambaye ada ya shule inatoka kwenye dumu la asubuhi, anaposoma "siku 7" anaona hesabu nyingine kabisa.

Waliogundua tatizo hili kwanza hawakuwa madaktari. Walikuwa watengeneza jibini wa Ulaya na Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940, penisilini ilipoanza kutumika kwenye viwele. Bakteria wao wa kugandisha waligoma. Yaani sayansi ya kupima dawa kwenye maziwa ilianzia kwenye sufuria iliyokataa kuganda, kama ya shangazi, tofauti ni kwamba wao hawakumtuhumu kijana wa baiskeli.

Maabara iliichukua aibu hiyo ya watengeneza jibini ikaifanya kipimo. Kinachotumika sana kina jina la kibiashara Delvotest, kilichotoka Delft, Uholanzi, miaka ya 1970. (Uholanzi ndiyo iliyosaidia pia mradi wa ng'ombe wa maziwa kwa wafugaji wadogo wa Tanga miaka ya 1980, kwa hiyo mkoa huu una undugu wa aina mbili na nchi hiyo.) Ukikishika mkononi ni kichupa kifupi kuliko kidole gumba. Chini kina kitu kama jeli, rangi ya zambarau. Ndani ya jeli hiyo wamelala bakteria maelfu kwa maelfu, katika hali ya mbegu ngumu zinazosubiri joto. Jina lao ni Geobacillus stearothermophilus, na ndani ya jina hilo mna maana ya mpenda joto. Fundi anadondosha maziwa sehemu ya kumi ya mililita, matone mawili hivi, na kuweka kichupa kwenye kipashio cha nyuzi 64. Anakwenda kunywa chai. Baada ya saa mbili na nusu au tatu anarudi kuangalia rangi.

Hapa ndipo penye utamu. Kipimo hiki hakitafuti dawa. Hakina jicho la kuiona wala pua ya kuinusa. Kinauliza swali moja tu: je, bakteria wangu waliishi?

Chukua unga wa maandazi. Umeukanda, umetia hamira, umeugawa kwenye bakuli tano, kila moja umeipeleka chumba chake. Hamira huioni, unachoona ni unga kuumuka. Bakuli nne zimefura mpaka zinasukuma kitambaa, ya tano imelala chini vilevile. Hujui kilichotokea kwenye chumba cha tano, ila unajua hamira yake haikufanya kazi. Bakteria wa kichupa nao, wakiamka na kula sukari, hutoa asidi, na rangi iliyochanganywa kwenye jeli, bromokresoli ya zambarau, hugeuka njano inapokutana na asidi. Ni ujanja uleule wa juisi ya choya kubadilika rangi ukiitia magadi, ila huku unakwenda upande wa uchachu. Njano: waliamka, walikula, maziwa ni salama kwa upande huo. Zambarau iliyobaki zambarau: wamezuiwa. Habari mbaya ni ile isiyobadilika. Nilipoonyeshwa safu ya vichupa mara ya kwanza nilikinyooshea kidole kile cha njano kama mkosaji, kwa sababu ndicho kilichokuwa kimefanya kitu.

Sasa rudi kwenye imani yangu ya sufuria. Kipimo hiki hupika maziwa na dawa pamoja kwa karibu saa tatu katika nyuzi 64. Kama joto lingeitawanya penisilini haraka kiasi nilichodhani, kipimo kingekuwa kinafuta ushahidi wake chenyewe, na kila kichupa kingegeuka njano. Nyuzi 64 si 100, nakubali. Lakini kuna kituko kingine. Maziwa mabichi yana vizuizi vyake vya asili, hasa dang'a na maziwa ya ng'ombe mwenye kiwele kibovu, na vizuizi hivyo vinaweza kuwabana bakteria wa kipimo hata pasipo dawa. Fundi anayevishuku huchukua maziwa yaleyale, huyapasha mpaka nyuzi 80 kwa dakika 10, kisha hupima upya. Vizuizi vya asili ni protini, huvurugika kama ute wa yai. Kichupa kikibaki zambarau hata baada ya hapo, shaka inaelekea kwenye dawa. Maabara inatumia moto kutenganisha kile kinachoharibika kwa moto na kile kisichojali, na mimi nilikuwa nimeviweka vyote kapu moja.

Kiasi kinachokamatwa ni kidogo cha kuchekesha. Kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa penisilini ya kawaida ni maikrogramu 4 katika kilo moja ya maziwa, ambayo ni kama lita moja, na amoksilini nayo ni 4. Kidonge kimoja cha amoksilini cha miligramu 500, kile cha rangi mbili tunachokijua wote, kikiyeyushwa kinatosha kufikisha kikomo hicho kwenye lita 125,000. Hayo ni maboza kumi na mawili na nusu ya lita 10,000. Kwa hiyo ng'ombe mmoja wa jirani anaweza kuharibu tangi zima la kituo, na wenzake wote waliochangia tangi hilo wakaharibikiwa naye.

Mbinu hii ina upofu wake pia, na bakuli za maandazi zinausema. Unga usioumuka unaweza kuwa umekosa hamira nzuri, au chumba kilikuwa na baridi. Ndiyo maana kila mara hupimwa pamoja na maziwa yanayojulikana ni safi, na mengine yaliyotiwa penisilini makusudi. Sabuni au dawa ya klorini iliyobaki kwenye keni inaweza pia kuwazuia bakteria. Kwa upande mwingine, dawa za minyoo na dawa za kuogeshea dhidi ya kupe hazina kazi na bakteria. Maziwa yaliyojaa dawa ya minyoo yatageuka njano safi kabisa. Na kati ya zile zinazoua bakteria, kichupa kina pua kali kwa jamii ya penisilini, lakini kwa baadhi ya nyingine, jamii ya kwinoloni kwa mfano, kinahitaji kiasi kikubwa kuliko kikomo ndipo kistuke.

Kituoni, ambako gari haliwezi kusubiri saa tatu, hutumika utepe wa dakika chache. Utepe huo nao husomeka kinyume. Ndani yake mna protini zenye mikono ya kushika penisilini, zimefungiwa chembe za dhahabu ili zionekane, na kwenye mstari wa kipimo kumegandishwa dawa. Mikono mitupu hushika pale, mstari ukang'aa. Mikono iliyokwisha kujaa dawa kutoka kwenye maziwa hupita moja kwa moja. Mtu aliyezoea kipimo cha haraka cha malaria, ambacho mstari wa pili ni ugonjwa, huona mistari miwili hapa na kushtuka bure.

Jina la dawa na kiasi chake hujulikana kwenye mashine kubwa tu, ile inayotenganisha vilivyomo kwenye maziwa kisha kuvipima uzito molekuli kwa molekuli. Penisilini huingia humo ikisomeka 335, huvunjwa, na vipande vyake viwili husomeka 160 na 176. Namba tatu hizo zikitokea pamoja, kwa wakati na uwiano unaotarajiwa, fundi ana cha kuandika kwenye ripoti.

Maziwa ya Pongwe hayakufika kwenye mashine yoyote. Yalimwagwa chini ya mnazi, na sitaweza kuapa kuwa sindano ndiyo iliyoyagomesha. Lakini siku hizi shangazi akifunika sufuria huweka pembeni kikombe kidogo chenye maziwa ya ng'ombe mwingine na mtindi uleule. Sikumfundisha mimi. Anasema anataka kujua, kikigoma kitu, kama amseme kijana wa baiskeli au aulaumu mtindi wake mwenyewe.