Homa ya ini aina ya B: mtazame mama hata baada ya kujifungua

"Daktari, kama nina virusi kwenye ini, mbona siumwi popote?" Wajawazito wa Tandahimba huniuliza, wa Mikindani huniuliza. Mara nyingi shangazi yuko pembeni, naye ameshaamua kwamba kipimo kimekosea.

Kipimo hakijakosea. Kirusi cha homa ya ini aina ya B chenyewe hakiui seli za ini. Kinaingia, kinazaliana, kinatoka, na seli inaendelea na kazi zake. Kinachojeruhi ini ni kinga ya mwili, pale seli T, askari wa kinga, zinapozivamia seli za ini zenye virusi. Kwa hiyo kutoumwa si dalili kwamba kinga inashinda. Kwa aliyeambukizwa utotoni, na barani kwetu wengi huambukizwa umri huo, seli T zimekutana na antijeni za kirusi, yaani protini zake zinazotambuliwa na kinga, miaka na miaka hadi zikachoka, kama mlinzi wa ghala la korosho aliyemzoea mwizi mpaka hapulizi tena filimbi.

Mimba inaongeza utulivu huo. Nusu ya vinasaba vya mtoto ni vya baba, na mwili wa mama unapaswa kumvumilia huyo mgeni. Seli T za kudhibiti, zile zinazowatuliza askari wenzao, zinaongezeka, homoni ya kotisoli inayopoza kinga inapanda, mashambulizi yanapoa. Kwa baadhi ya wanawake virusi huongezeka kidogo kwenye damu, ila ini hukaa shwari. Wanaouza dawa za "kupandisha kinga" pale sokoni hawajui wanachokiombea: kinga ikipanda ghafla, ini ndilo linaloumia.

Na kupanda hupanda. Akishajifungua, breki za mimba zinaachia, na katika wiki na miezi inayofuata seli T huweza kurudi vitani. Vimeng'enya vya ini vinapanda kwenye damu, ishara kwamba seli za ini zinajeruhiwa. Wengi hawahisi lolote, wachache huugua vibaya. Wakati huo mama yuko kwao analelewa uzazi, na uchovu wake unaitwa uchovu wa uzazi. Macho yakiwa ya manjano au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, msisubiri arobaini iishe.

Mtoto naye ana hesabu yake. Kinga changa hainyanyui mkono: watoto takriban 90 kati ya 100 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa hubaki na virusi kwa muda mrefu, ilhali watu wazima hawafiki 5. Hatari ni kubwa zaidi mama akipimwa damu na kukutwa na antijeni e, mojawapo ya protini za kirusi, maana virusi vyake huwa vingi. Chanjo ya homa hii inafaa itolewe ndani ya saa 24 tangu mtoto azaliwe. Ile ya pentavalenti, yenye kinga ya magonjwa matano kwa pamoja, huanza wiki ya 6, na kwa mtoto aliyekutana na virusi njiani akizaliwa, hapo tumechelewa. Mama mwenye virusi vingi hupewa tenofovia, dawa ya kupunguza virusi, mimba ikiwa na miezi sita hivi, na tangu 2024 Shirika la Afya Duniani linaruhusu apewe hata pasipo mashine ya kuhesabu virusi. Anayetumia dawa za VVU zenye tenofovia tayari anayo.

Kunyonyesha, nyonyesha.

Siku ya kumpeleka mtoto chanjo, omba na wewe upimwe ini, urudie mpaka miezi sita ipite, hasa kama umeacha tenofovia.