Kabla hujanunua kamera, angalia kwanza mwanga unatoka wapi

Swali tunaloulizwa sana sisi wakufunzi wa kitengo cha picha hapa chuoni ni moja tu, mwalimu nina hela kidogo nataka kuanza kazi ya picha, ninunue kamera gani? Na mimi huwa najibu kwa swali, unaenda kupiga nini na hapo unapopigia mwanga unatoka wapi? Wengine wanadhani nakwepa. Sikwepi, jibu la kamera limo humo humo, na nimeshaona vijana wenye kipaji kabisa wanamaliza hela yote kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, alafu wanabaki na ile lenzi iliyokuja kwenye boksi na hawana taa hata moja, wakiingia ukumbini usiku picha zinatoka na chengachenga wanaanza kuilaumu kamera.

Kwa hiyo tuanze na mwanga, maana hapa ndo watu wanaparuka.

Kinachofanya kivuli kiwe laini au kikali usoni kwa mtu sio bei ya taa, ni ukubwa wa taa ukilinganisha na umbali iliokaa. Jua ni kubwa mno lakini liko mbali mno, kwa hiyo ukiwa huku chini linakuwa kama taa ndogo na vivuli vyake vinakata kama wembe, ila likipita wingu basi lile wingu zima ndo linageuka kuwa taa na kila kitu kinalainika. Flashi ya juu ya kamera nayo ina kioo cha upana wa vidole vichache tu, ukimpiga nayo mtu uso kwa uso utapata jasho linalong'aa na kivuli cheusi ukutani nyuma yake. Flashi hiyo hiyo itoe kwenye kamera, iweke kwenye stendi, ipitishe kwenye mwavuli mweupe wa upana wa mita 1, usogeze mpaka karibu na mtu kiasi cha mita moja au moja na nusu, utadhani umebadilisha kamera. Ndo maana nasema flashi moja, triga ya kuifyatua ikiwa mbali na kamera, stendi na mwavuli ni manunuzi ya mapema kabisa, sio ya baadae ukishatajirika.

Alafu kuna sheria moja ya umbali ambayo mpiga picha asipoijua atateseka. Ukiisogeza taa mbali mara 2, mwanga unaomfikia mtu haubaki nusu, unabaki robo. Sasa chukua picha ya kundi, umeweka taa pembeni, mtu wa kwanza yuko mita 1 kutoka kwenye taa na wa mwisho yuko mita 2, yule wa mwisho anapata robo tu ya mwanga wa mwenzake, mmoja ameungua mwingine yuko gizani na hakuna kuediti kutakakoweka sawa hilo vizuri. Rudisha taa nyuma mpaka mita 4, wa mwisho sasa yuko mita 5, anapata karibu theluthi mbili ya mwanga wa wa kwanza na hapo macho hayasumbuki. Lakini kwa kurudi kutoka mita 1 mpaka 4 unahitaji nguvu ya taa mara 16, na hapo ndo utaelewa kwa nini wanaopiga makundi makubwa wananunua flashi za studio na sio vitaa vya kushika mkononi. Nguvu ya taa inanunuliwa kwa sababu ya umbali, kama kazi yako ni kupiga sura za watu mmoja mmoja huihitaji sana.

Taa za LED zinazowaka muda wote ni nzuri kwa video na kwa picha za bidhaa kwa sababu unaona kivuli kabla hujafyatua, ila kwa watu wanaotembea flashi bado inazishinda kwa nguvu na kwa kugandisha mwendo. Ukinunua LED angalia ile namba ya CRI, inayoonyesha taa inatoa rangi kwa uhalisia kiasi gani, itafute kuanzia 95 kwenda juu, chini ya hapo ngozi za watu zinaanza kuwa na ukijani au kupauka na utakesha kwenye kompyuta kuzirekebisha.

Na LED za ukumbini ni shida nyingine, hizi ziliniumiza mwenyewe. Nilikuwa napiga shughuli ya ndani, nikawasha ile shata (kinachofungua na kufunga mwanga kuingia kwenye kamera) ya kielektroniki isiyo na mlio ili nisisumbue watu, nikafyatua kwa spidi ya 1/500 ya sekunde nikaona kwenye kioo kidogo mambo mazuri, kufika nyumbani picha karibu zote zina mistari ya giza iliyolala, imepangana kutoka juu mpaka chini. Sababu ni kwamba taa nyingi zinapepesa kufuata umeme, umeme wa 50 Hz taa inapepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya kielektroniki kwenye kamera nyingi inasoma sensa, ile sehemu inayopokea picha, mstari kwa mstari, kwa hiyo mistari mingine inasomwa taa ikiwa imefifia. Dawa ni kurudi kwenye shata ya kawaida na kushuka mpaka 1/100 au 1/50, na kule kwenye umeme wa 60 Hz tumia 1/125 au 1/60. Mteja yule sikuwa na cha kumrudishia, shughuli ilishapita.

Haya, lenzi. Ile lenzi ya 18-55 mm inayokuja na kamera nyingi ukizumu mpaka mwisho tundu lake la kupitisha mwanga linaishia f/5.6, na namba ya f ikiwa ndogo tundu ndo linakuwa kubwa. Lenzi ndogo ya 50 mm f/1.8, ambayo karibu kila kampuni inatengeneza na huwa ni kati ya zile za bei nafuu, inapitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Maana yake pale ulipolazimika kupandisha ISO, ile namba ya kuongeza mwangaza wa picha gizani, mpaka 6400 unaweza kupiga kwa ISO 640, yaani chenga zinapungua kwa namna ambayo bodi mpya peke yake haitakupa. Watu hawaamini mpaka wajaribu.

Kuhusu sura za watu naomba nieleze kitu kinachopotoshwa sana, lenzi pana haimvimbishi mtu pua, kinachovimbisha pua ni wewe kumsogelea mno ili ajae kwenye fremu. 85 mm inapendwa kwa sababu inakulazimisha usimame mbali kidogo, na kama kamera yako ni ya sensa ya APS-C, ile ndogo kuliko ya fulu fremu nitakayoitaja chini, basi hiyo 50 mm inakupa muonekano wa kama 75 au 80 hivi, inatosha kabisa kuanzia. Wa harusi na mikutano wengi wanaishi na 24-70 na 70-200 zote za f/2.8, ni nzito na zina gharama, zikodi kwanza kwa kazi moja mbili ujue unazitumia kweli. Wa vito na saa atafute makro, lenzi ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, ya kama 100 mm, wa majengo atafute pana na tripodi, huyo wa majengo f/1.8 wala haimsaidii maana anafunga tundu mpaka f/8.

Bodi nimeiacha mwisho makusudi. Megapikseli 24 ni picha ya 6000 kwa 4000, wakati ukurasa mzima wa A4 kwa uchapaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi unahitaji kama megapikseli 9 tu, kwa hiyo usiuziwe kamera kwa namba hiyo. Sensa ya fulu fremu ni milimita 36 kwa 24, kwenye giza inakuwa na faida ya stopu moja hivi (yaani kama mwanga mara 2) juu ya APS-C, ni faida ya kweli ila lenzi zake zinakuwa kubwa na ghali zaidi. Kwa kazi ya kulipwa mimi ningeangalia fokasi inayoshika jicho la mtu na nafasi 2 za memori kadi, kadi ikifa katikati ya harusi ile ya pili inakuokoa. Angalia pia mfumo wa lenzi za kampuni unayoingia, maana bodi utabadilisha lenzi utabaki nazo miaka mingi.

Na kama unanunua iliyotumika, ambayo mimi naishauri kabisa kwa anayeanza, uliza shata imeshafyatuka mara ngapi, alafu chukua tochi umulike ndani ya lenzi kutokea nyuma huku ukichungulia kwa mbele. Ukiona vitu kama nyuzi za buibui basi hiyo ni fangasi, irudishe, na usiiweke mfuko mmoja na lenzi zako nyingine.