Dubu wa Barazani Hajapotea Njia

Swali tunaloulizwa mno na watu wanaokwenda kulala kwenye nyumba za mbao milimani ni hili: je, wanyama wakali wapo? Wapo. Sisi tulio kwenye kazi ya uhifadhi huwa tunajiuliza jambo jingine. Mnyama akionekana mlangoni, nani kamwita? Mara nyingi jibu liko mezani, ndani ya gari, au kwenye pipa la taka ambalo kifuniko chake hakikubanwa.

Mchukue dubu mweusi wa Amerika Kaskazini. Wiki chache kabla ya baridi kali hula kama aliyetumwa, kwa sababu mafuta anayojiwekea ndiyo atakayoishi nayo akiwa amelala pangoni. Wakati huo anaweza kula hadi kalori 20,000 kwa siku moja, karibu mara 10 ya chakula cha mtu mzima. Mwenye njaa ya namna hiyo hapiti tu jiko la kuchomea nyama lenye mafuta yaliyogandia kwenye waya. Wala hachagui: dawa ya meno, sabuni yenye harufu, chakula cha mbwa, mbegu zilizowekwa nje kwa ajili ya ndege, vyote kwake ni mlo. Chombo cha kulishia ndege ndicho wageni hukibishia zaidi, eti kina mbegu tu. Kwa dubu ni gunia la mafuta lililoning'inizwa.

Gari nalo si kabati. Katika hifadhi ya Yosemite, Marekani, ni marufuku kuacha chakula kwenye gari usiku, na wageni wamewekewa makasha ya chuma, kwa kuwa dubu wa huko walikwisha kujifunza kuubana ukingo wa juu wa mlango na kuukunja kuelekea chini. Na kama mlango wa nyumba yako una kitasa cha kushusha, badala ya kile cha duara, ufunge kwa ufunguo hata ukiwa ndani. Dubu akikiegemea tu kwa unyayo, mlango umefunguka.

Aliyeonja chakula cha watu mara moja hurudi, na kila akirudi woga umepungua. Kumhamishia mbali husaidia kidogo tu, maana dubu wengi hujua kurejea. Mwisho wake mara nyingi ni risasi.

Kuna mwaliko mwingine ambao watu hawaufikirii, nao ni chumvi. Kwenye hifadhi ya Olympic, jimbo la Washington, mbuzi wa milimani waliletwa na watu katika miaka ya 1920, mahali ambapo chumvi ya asili ni haba. Wakaipata kwenye jasho la mikoba ya wapanda mlima na kwenye mkojo walioacha kandokando ya njia. Wakazoea watu hadi wakawa wanawafuata. Mwaka 2010 mmoja wao alimchoma mtu kwa pembe akafa, na kuanzia 2018 mamia ya mbuzi hao walihamishwa, wengine wakining'inia chini ya helikopta. Kwa hiyo ombi letu la kutumia choo badala ya kichaka si suala la adabu peke yake. Kama hakuna choo, tafuta mwamba mbali na njia.

Sasa upande wa pili, pale ambapo mtu ndiye anayemfuata mnyama. Sheria ya hifadhi ya Yellowstone, nayo ya Marekani, inataka yadi 100, yaani mita 91 hivi, kutoka kwa dubu na mbwa mwitu, na yadi 25, kama mita 23, kutoka kwa wanyama wengine wakubwa. Kwa asiyetembea na futi mkononi, nyoosha mkono, funga jicho moja, inua kidole gumba. Gumba lisipomfunika mnyama mzima, umesogea mno. Katika Yellowstone hiyo hiyo, anayejeruhi wageni kuliko wote si dubu bali baisani, yule anayeonekana kama ng'ombe mpole anayecheua. Anakimbia mara tatu ya kasi ya binadamu. Mkia ukisimama, au akianza kuparua ardhi kwa kwato, picha imetosha.

Baraza hukuondolea haja ya kusogea. Anayekaa kimya hapo dakika 40 kabla ya jua kuchomoza huona mengi kuliko anayezungukazunguka mchana kutwa. Zima taa za ndani, kwani macho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na ukihitaji mwanga tumia taa nyekundu. Darubini iliyoandikwa 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye kioo cha mbele cha milimita 42, inafaa saa hizo. Gawanya 42 kwa 8: unapata milimita 5 na kitu, ndio upana wa mwanga unaofika jichoni. Wengi hununua 10x25 kwa kuwa inaingia mfukoni. Hiyo inatoa 2.5 tu, kisha wanalalamika kwamba hawakuona chochote ila weusi.

Mkikutana ana kwa ana, usikimbie. Dubu mwambie maneno kwa sauti ya chini huku ukirudi nyuma taratibu. Kwa puma, yule paka mkubwa wa mwituni wa Amerika, jifanye mkubwa, mpigie kelele, na mtoto mnyanyue bila kuinama sana. Mbwa wako asiachwe huru, kwa sababu akimchokoza dubu hukimbilia kwako, na dubu nyuma yake. Dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu ikae kiunoni, si ndani ya begi. Hufika mita 9 hivi. Wapo wanaoipaka barazani kama dawa ya mbu. Mabaki yake yanaweza hata kumvuta dubu aje kunusa.

Wadogo hawaogopwi, na hapo ndipo kosa lilipo. Mwaka 2012 wageni 10 wa Yosemite waliugua hantavirusi na 3 wakafa. Wengi wao walikuwa wamelala kwenye vibanda vya turubai vyenye kuta mbili, na panya walijenga viota katikati ya kuta. Virusi hivyo huvutwa pamoja na vumbi la kinyesi na mkojo wa panya. Ukikuta vinyesi, usifagie. Fungua madirisha na utoke nje nusu saa, vaa glavu, lowesha mahali hapo kwa sehemu moja ya dawa ya klorini na tisa za maji, subiri dakika 5, ndipo upanguse.

Ukiamka ukamkuta popo chumbani, usimfungulie dirisha kwanza. Jino lake ni dogo, aliyelala anaweza kuumwa asijue, na kichaa cha mbwa, ambacho popo naye anaweza kukiambukiza, dalili zikishatokea karibu hakiponi. Mfunike popo kwa kopo akitua, bila kumshika kwa mkono mtupu na bila kumponda kichwa, kwa sababu maabara hupima ubongo. Palipoumwa paoshwe kwa maji na sabuni dakika 15, halafu wote waliolala chumba hicho waende kwa daktari siku hiyo hiyo.